Kadi ya dakika ya 28: nani aliiharibu fainali ya Soccer City?

Dakika ya 28 mpira ulikuwa hewani katikati ya uwanja. Xabi Alonso wa Hispania aliuwahi kwa kichwa. Nigel de Jong wa Uholanzi alitokea upande wa pili, mguu juu, goti limenyooka, unyayo umetangulia, na meno ya daluga yakatua katikati ya kifua cha Alonso. Mpira ulikuwa umeshaondoka. Alonso akadondoka ameshika kifua. Mwamuzi Howard Webb akafika mbio, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi ya njano.

Kesi yote ya fainali ya Kombe la Dunia 2010 inaanzia hapo, na kwa maoni yangu inaamuliwa hapo hapo. Tangu Julai 11 ya mwaka ule mashabiki wamegawanyika makundi matatu. Kuna wanaosema refa aliiharibu mechi kwa kukosa msimamo. Kuna wanaosema Waholanzi walikuja kupiga watu, kwa hiyo angechezesha nani mechi ingekuwa ile ile. Halafu kuna wanaosema Hispania ilibebwa: beki wake Puyol aliachwa, kiungo wake Iniesta aliachwa, kona ya Uholanzi ikageuzwa goli kiki, na dakika moja baadaye goli la ubingwa la Hispania likaingia. Kila kundi lina ushahidi, na sehemu kubwa ya ushahidi huo ni ya kweli. Shida ni kwamba kila mmoja anaianza hadithi pale panapomfaa.

Takwimu zenyewe zinatisha. Kadi za njano zilitolewa 14, tisa kwa Uholanzi na tano kwa Hispania, na beki John Heitinga alipata mbili akatolewa nje. Rekodi ya fainali kabla ya hapo ilikuwa kadi sita, pale Argentina na Ujerumani Magharibi zilipokutana Mexico mwaka 1986. Yaani rekodi ile ilipitwa zaidi ya mara mbili kwa usiku mmoja, mbele ya watu zaidi ya 84,000 waliojaa Soccer City, Johannesburg, kwenye Kombe la Dunia la kwanza kuchezwa Afrika.

Kwetu Afrika Mashariki mechi ilianza saa tatu na nusu usiku, na fainali hii hatuwezi kuizungumza kama nyingine. Usiku ule ule, Kampala, mabomu ya al-Shabaab yaliua watu zaidi ya 70 waliokuwa wamekusanyika kuitazama, kwenye klabu ya raga ya Kyadondo na kwenye mgahawa wa Ethiopian Village huko Kabalagala. Asubuhi Ulaya walipoamka wakibishana kuhusu De Jong, Kampala watu walikuwa wanatafuta ndugu zao hospitalini. Kwa wengi wetu mjadala wa soka ulikuja baadaye sana, na anayeutaja usiku ule mbele ya Mganda ajue anagusa nini.

Turudi uwanjani. Webb hakuwa refa wa kuokotwa. Alikuwa sajenti wa polisi kutoka Rotherham kabla ya kuifanya filimbi kazi yake, na Mei 22 mwaka huo huo alichezesha fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Inter na Bayern kule Madrid. Wanaosema alipangwa ili aibebe Hispania wasahau: mechi pekee ambayo Hispania ilifungwa katika mashindano yale, dhidi ya Uswisi kule Durban, ilichezeshwa na Webb huyo huyo. Alikuwa pia Mwingereza wa kwanza kuchezesha fainali ya Kombe la Dunia tangu Jack Taylor mwaka 1974. Waholanzi wanalikumbuka jina hilo vizuri, kwa sababu Taylor aliwapa penalti kabla Wajerumani hawajaugusa mpira, kisha akawapa Wajerumani nao yao, na Uholanzi ikafungwa 2-1. Mwaka 1978 wakafungwa tena na Argentina. Kwa hiyo kikosi cha 2010 kiliingia fainali kikiwa kimeshinda mechi zote sita, lakini mgongoni kimebeba fainali mbili walizosifiwa kwa soka safi wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Mzigo huo ndio unaoeleza walichochagua. Kocha Bert van Marwijk alikuwa ameiona Ujerumani kwenye nusu fainali ikirudi nyuma, ikawaachia Wahispania mpira, ikafungwa 1-0. Yeye hakutaka kusubiri. Aliwasimamisha Mark van Bommel na De Jong mbele ya mabeki, na kazi ikawa moja: Xavi, Alonso na Iniesta wasipate nafasi ya kugeuka. Huo ni mpango halali kabisa. Timu isiyoweza kushindana na Hispania kwa pasi ina haki ya kuibana, kuikimbiza, kuivurugia mwendo, na hata kucheza faulo ndogo ndogo katikati ya uwanja na kulipa gharama yake. Ninachopinga ni pale kumbana mtu kunapogeuka kumuumiza. Wengi wa wachezaji hao walikuwa na historia pia: Nuremberg 2006, Ureno dhidi ya Uholanzi, kadi nyekundu nne na za njano 16, na van Bommel, Robben, van Persie, Sneijder na van Bronckhorst wote walikuwemo.

Dakika ya 15 van Persie alimwingilia Capdevila kwa kuchelewa: njano. Dakika moja baadaye Puyol akamwangusha Robben: njano. Ya 22, van Bommel akamvaa Iniesta kutoka nyuma, faulo ambayo wengi hadi leo wanaihesabu nyekundu na mimi naiweka mpakani: njano. Ya 23, Ramos kwa Kuyt: njano. Ukimtazama Webb katika dakika hizo unamwona mtu anayefanya kila ambacho kitabu kinamtaka afanye. Anaita wachezaji, anaongea nao, anatoa kadi mapema ili waelewe. Anayesema refa alikuwa mlegevu tangu mwanzo hajairudia mechi. Kadi nne ndani ya dakika 23 si ulegevu.

Basi kwa nini rafu haikupungua? Kadi ya njano haina nguvu yake yenyewe. Nguvu yake inatokana na kilicho nyuma yake. Mchezaji mwenye njano anajichunga kwa sababu anaamini kosa lijalo litamtoa, na mwenzake asiye na kadi anajichunga kwa sababu anaamini kuna kosa ambalo halingoji kadi ya pili. Dakika ya 28 wachezaji 22 waliangalia faulo mbaya kuliko zote walizoweza kuifanya, wakaona bei yake: njano. Kuanzia pale kila mmoja alijua ukomo uko wapi, na ukomo ulikuwa mbali mno.

Sheria ya 12 ya soka, ile ya faulo na utovu wa nidhamu, haina utata hapa. Mchezaji anayegombea mpira kwa nguvu kupita kiasi, au kwa namna inayohatarisha usalama wa mwenzake, anatolewa. Kama alikusudia au hakukusudia haiulizwi. De Jong anaweza kuwa aliulenga mpira kwa dhati, lakini meno ya daluga yalitua kifuani mwa mtu, na pigo kama lile kwenye mbavu au kooni lingemaliza maisha ya soka ya Alonso. Webb mwenyewe hakuficha. Alisema baadaye, zaidi ya mara moja, kwamba alikuwa amekingwa, hakuliona tukio lote, na alipoliona kwenye picha alijua ilikuwa nyekundu.

Naupokea utetezi wa kukingwa. Refa ana macho mawili na uwanja ni mpana. Ila hakuwa peke yake. Miaka minne kabla, fainali ya Berlin, Zidane wa Ufaransa alipompiga Materazzi wa Italia kichwa kifuani, refa Horacio Elizondo hakuona kitu. Mwamuzi wa nne, Luis Medina Cantalejo, ndiye aliyemweleza kwa kifaa cha sikioni, na Zidane akatoka. Johannesburg vifaa vya sikioni vilikuwepo, washika vibendera wawili walikuwepo, mwamuzi wa nne alikuwepo. Kifua kwa kifua: mwaka 2006 watu wanne walichezesha kama timu, mwaka 2010 uamuzi mkubwa kuliko wote ulibaki kwa mtu mmoja aliyekuwa na mtu mbele yake. Mashabiki wanaomlaumu Webb pekee wanawaacha wenzake watatu wapite bure.

Kisha kuna hoja ambayo nimeisikia kwenye kila kibanda umiza, na watangazaji wakubwa wameisema pia: refa hawezi kutoa nyekundu dakika ya 28 ya fainali, ataiua mechi, watu bilioni wanaangalia. Naipinga kwa nguvu zote. Kwanza, sheria haina kipengele cha fainali. Pili, tuhesabu kilichobaki baada ya hapo. Mpira ulikatika kila mara, na mechi nzima ilikuwa na faulo zaidi ya 40 za timu zote mbili. Sneijder aliinua mguu ukamparua Busquets karibu na mapumziko na hakuna kadi iliyotoka. Vita ndogo ndogo zikaenea hadi dakika ya 120. Mechi ilikufa hivyo hivyo, ila ilikufa polepole. Uholanzi ya watu kumi ingerudi nyuma na kulinda, Hispania ingetafuta goli, na tungeona angalau soka la kushambulia na kuzuia. Refa aliyemwachia mkosaji ili kuilinda fainali anakuwa ameitoa fainali kwa mkosaji.

Na sipendi kuwasema Waholanzi kana kwamba hawakuwa na moyo wa kiungwana. Katikati ya rafu zote hizo kipindi cha kwanza, walipotaka kuwarudishia Wahispania mpira baada ya mchezo kusimama, mpira ulidunda vibaya ukataka kumpita Casillas, naye akaugusa ukawa kona. Van Persie aliipiga kona ile kwa upole, akamrudishia kipa mpira. Watu wale wale. Ndiyo maana siamini hadithi ya kwamba walikuwa wahuni tu. Walikuwa watu wazuri wa mpira waliokuwa wamejiruhusu jambo baya kwa usiku mmoja, na hakuna aliyewazuia mapema.

Sasa tuje kwa kundi la tatu, wale wa Hispania ilibebwa, kwa sababu hawa mara nyingi wanazomewa bila kusikilizwa.

Kipindi cha pili, baada ya kuchezewa vibaya, Iniesta alimvaa van Bommel wakati mpira hauko pale. Hakuwa amemuumiza, lakini kumpiga mtu bila mpira ni nyekundu hata kama ni kwa hasira za haki. Hakupewa kitu. Mfungaji wa goli la ubingwa alipaswa kuwa chumba cha kubadilishia nguo. Mashabiki wa Hispania wanaokumbuka kifua cha Alonso kila siku hawapendi kulikumbuka hili.

Kubwa zaidi ni la dakika ya 83. Robben alikuwa ameshakosa nafasi moja dakika ya 62, akiwa peke yake na Casillas, mguu wa kipa ukaukwepesha mpira. Sasa alikuwa anaukimbilia mpira mrefu, Puyol yuko ubavuni mwake. Robben akampita. Puyol akamzungushia mkono kiunoni, akamvuta. Robben hakuanguka. Alijikwamua, akaendelea, lakini hatua ile aliyopoteza ilitosha: mpira ukamtangulia kidogo na Casillas akaudaka miguuni pake. Robben akamkimbilia Webb akipiga kelele, mikono hewani, na Webb akampa Robben kadi ya njano kwa kulalamika.

Puyol alikuwa na njano tangu dakika ya 16. Kwa faulo ile alistahili kutoka. Webb aliacha faida iendelee, na hilo lilikuwa sahihi kwa sekunde ile, kwa sababu Robben alikuwa bado anakwenda golini. Lakini faida isipopatikana, refa anaruhusiwa kurudi kwenye faulo. Hakurudi. Robben angelala chini, Puyol angetoka, Hispania ingebaki na watu kumi kwa dakika saba na muda wa nyongeza wote, na Uholanzi ingepata mpira wa adhabu mbele ya goli. Alisimama kwa miguu yake, akapata kadi. Miaka minne baadaye, Fortaleza, Robben alianguka ndani ya eneo la hatari dhidi ya Mexico dakika za mwisho, Uholanzi ikapata penalti na ikafuzu, dunia nzima ikamwita mwongo, naye akakiri kwamba kipindi cha kwanza cha mechi ile alijiangusha kweli. Simtetei. Ila anayemhukumu kwa Fortaleza aitazame tena dakika ya 83 ya Johannesburg na aone refa alimwonyesha nini kuhusu kusimama.

Hata hivyo, malalamiko haya ya Uholanzi yana shimo ambalo hawalizibi. Wanataka nyekundu ya Puyol ihesabiwe huku ya De Jong ikisahauliwa. Ukizihesabu zote kwa haki, Uholanzi wanakuwa kumi dakika 55 kabla ya Robben kukimbia. Huenda mbio zile zisingetokea kabisa. Naamini pia Webb aliogopa kumtoa Puyol kwa kumvuta mtu kiuno wakati alishambakisha aliyempiga mwenzake teke kifuani. Hilo ni la kwangu, yeye hajalisema. Lakini refa yeyote aliyechezesha hata mechi za mtaa anajua: kosa la kwanza likishapita, la pili linakuwa gumu kuliadhibu bila kuonekana unaonea.

Dakika ya 109 Heitinga alimvuta Iniesta aliyekuwa anaingia eneo la hatari. Njano ya pili, nje. Uamuzi sahihi, na sina la kuongeza. Dakika ya 115 Sneijder alipiga mpira wa adhabu ukamgusa Mhispania ukatoka nje. Ilikuwa kona, kila mtu uwanjani aliona, Webb akaonyesha goli kiki. Hispania wakaupandisha mpira, Navas akakimbia nao kutoka nyuma, ukafika kwa Torres, krosi yake ikakatwa na van der Vaart ikamwangukia Fàbregas, Fàbregas akamsukumia Iniesta, na Iniesta akamfunga kipa Stekelenburg dakika ya 116. Kuotea hakukuwepo. Kona ilikuwepo. Lakini kati ya goli kiki ile na nyavu kulikuwa na uwanja mzima, na Waholanzi walikuwa na muda wa kuupora mpira mara kadhaa. Aliyekosekana pale nyuma ni Heitinga, na Heitinga hakuondolewa na goli kiki.

Iniesta alivua jezi. Ndani alivaa fulana yenye maneno ya kumkumbuka Dani Jarque, nahodha wa Espanyol aliyefariki Agosti 2009. Sheria inasema ukivua jezi ni njano, na Webb akampa bila kusita. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za fainali ile, mtu aliyemkumbuka rafiki yake marehemu na mtu aliyempiga mwenzake kifuani kwa meno ya daluga wameandikiwa adhabu ya rangi moja. Kila nikiliangalia jedwali lile, hapo ndipo ninapokwama.

Baada ya filimbi ya mwisho van Marwijk alisema refa hakuidhibiti mechi vizuri. Johan Cruyff, aliyekuwa nahodha wa Uholanzi ile ya 1974, hakumtafuta refa kwanza. Aliandika kwenye gazeti la Kihispania kwamba nchi yake ilicheza kinyume cha soka lenyewe, na kwamba ilistahili kubaki na watu tisa mapema kabisa. Wapo Waholanzi waliomwona msaliti. Mimi namwona mtu pekee katika mjadala ule ambaye hukumu yake ilimgharimu kitu.

Siku hizi tunaambiwa VAR, waamuzi wa video, ingemaliza yote haya. Kwa utaratibu ilioingia nao Urusi 2018, De Jong angetoka, hilo halina shaka. Iniesta kwa van Bommel lingeangaliwa, na Puyol kwa Robben lingeangaliwa kama kunyima nafasi ya wazi ya goli. Kona isingeangaliwa. Pengine mechi ingeisha kumi kwa kumi na bila mfungaji yule yule.

Na De Jong? Machi ya mwaka ule, kabla ya Kombe la Dunia, alikuwa amemvunja mguu Mmarekani Stuart Holden kwenye mechi ya kirafiki Amsterdam. Oktoba 3, akiwa na Manchester City, akamvunja mguu Hatem Ben Arfa wa Newcastle. Safari hii van Marwijk alimwondoa kwenye kikosi cha timu ya taifa kilichokuwa kinajiandaa kucheza na Moldova na Sweden, akisema aliziona picha na kwamba hakukuwa na sababu yoyote ya kuingia vile. Kocha yule yule aliyemlaumu refa Julai alitoa mwenyewe Oktoba ile adhabu aliyokuwa na uwezo wa kuitoa Johannesburg, mapumziko, kwa kumkalisha De Jong benchi.